Daftari la Bibi na Tanuri la Matera

Treni ya reli nyembamba inayotoka Bari kwenda Matera, kusini mwa Italia, haikuwapo siku ile, ikatubidi tupande basi lililojaa, kwa nauli ileile, na kusimama njia nzima katikati ya mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Chumba tulichofikia, pango lililochongwa katika mwamba wa mtaa wa kale uitwao Sassi, kilitugharimu yuro 130 kwa usiku mmoja, na mablanketi yake yalikuwa na unyevu. Bibi mzaa baba wa mume wangu alizaliwa katika pango la namna hiyo, akalala humo pamoja na wazazi, ndugu zake na nyumbu wao, kabla ya sheria ya mwaka 1952 iliyowahamishia watu wapatao 15,000 katika nyumba mpya. Kuona ufukara wao ukiuzwa kwa bei ile kuliniudhi kuliko unyevu wenyewe.

Bibi huyo alimalizia uzee wake kwetu Malindi, kwa mwanawe. Mara nyingi alijaribu kuoka mkate wa kwao katika jiko letu la gesi, na kila ulipotoka aliugonga chini kwa kidole, akausikiliza, kisha akaugawa kwa majirani bila kuonja. Alipofariki alituachia daftari na muhuri wa mbao wenye herufi mbili za jina la baba yake. Daftari lilieleza unga wa ngano ngumu uliosagwa mara mbili, chachu itokanayo na zabibu na tini zilizolowekwa, chumvi, namna ya kukanda na namna ya kulipa donge umbo. Hapo maandishi yakakoma. Halikutaja moto wala muda wa kuoka, nasi sote tuliamini kwamba kurasa za mwisho zilichanika na kupotea.

Mdogo wake anaishi Serra Venerdì, mmojawapo wa mitaa mipya ile. Alilisoma daftari lote kwa sauti, akalifunga, akamwambia mume wangu: "Mjukuu wangu, hakuna kilichopotea. Sisi hatukuwa tukioka mkate nyumbani."

Ndipo akatueleza, na mchana wote ukapita tukiwa mezani pake. Alfajiri kijana wa mwokaji alipita akiita mlango kwa mlango, na kila nyumba ilimkabidhi donge lake juu ya ubao, likiwa limekwisha kugongwa muhuri, kwa sababu mikate ya mtaa mzima iliingia katika tanuri moja na bila herufi zile hakuna ambaye angeutambua wa kwake. Ulikuwa mkate mkubwa wa kulisha nyumba kwa wiki nzima au zaidi. Dada yake aliujua mkate mpaka kizingitini. Kilichofuata kilikuwa kazi ya mwanamume mwingine, ambaye naye hakujua chachu ya nyumba yoyote. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyeumua unga kwa tembo la mnazi, huku mikate ya mofa akiinunua kwa jirani mwenye tanuri la udongo, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba hata kwetu hakuna nyumba iliyomiliki mapishi yake yote.

Mwokaji mmoja mwenye tanuri la kuni alikubali kulipokea donge letu. Aliukata mgongo wake mara tatu, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu, akalisukuma ndani baada ya kuyafagia makaa, akafunga mlango, na hakuangalia saa hata kidogo. Ganda lilitoka gumu na la kahawia iliyokolea, ndani rangi ya manjano, na herufi za muhuri zilisomeka. Mume wangu alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama, akalia waziwazi mbele ya watu.

Mtaani kwetu Malindi yupo mwokaji anayetumia kuni hadi leo. Nimekwisha kumweleza, anataka kwanza auone unga wenyewe, na kuni tulete sisi.