Kuanza Kuzungumza Kijapani kwa Kupitia Kiswahili

Nilipoanza kujifunza kuzungumza Kijapani hapa Tanga, vitabu nilivyovipata vilikuwa vya Kiingereza, na kurasa zake za mwanzo zilieleza kwa kirefu namna ya kutamka a, i, u, e na o, maelezo ambayo msomaji wa Kiswahili hayahitaji. Irabu za Kijapani ni hizo hizo tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu, hata mtu wa Ngamiani akiandikiwa sakana, yaani samaki, au tamago, yaani yai, atayatamka bila kufundishwa na ataeleweka. Naamini kwa dhati kwamba mwanafunzi wetu aanze na Kiswahili chake moja kwa moja, kwa sababu akipitia Kiingereza atahangaika na matatizo ya Mwingereza huku akiyaruka yaliyo yake mwenyewe. Idhaa ya NHK ya Japani iliwahi kutayarisha masomo yanayofafanuliwa kwa Kiswahili, nami nayapendekeza kwa kila anayeanza.

Tatizo letu kubwa ni mkazo. Kwa mazoea tunaikaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema arigato kwa kukaza "ga", ilhali Mjapani anaposhukuru husema arigatoo, akiivuta irabu ya mwisho. Na mji mkuu wake ni Tookyoo, wenye irabu ndefu mbili. Urefu huo hubeba maana: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Sisi tunaotenganisha kufa na kufaa tunao msingi wa kuusikia, ila inabidi tuuzoeze ulimi kwa kugonga meza kidole mara moja kwa kila pigo. Neno zuri la kuanzia kwa mtu wa Tanga ni silikanti, yule samaki wa kale aliyeipa jina hifadhi yetu ya bahari, ambaye Wajapani humwita shiirakansu: shi-i-ra-ka-n-su, mapigo sita. Hapo n imesimama peke yake kama m ya "mtu", na jambo hilo halitutaabishi hata kidogo.

Katika sarufi, kilichonifurahisha zaidi ni mahali. Sisi husema "naenda sokoni", na Mjapani husema ichiba ni ikimasu: ichiba ni soko, ikimasu ni kwenda, na "ni" imekaa baada ya soko kama "-ni" yetu. Lugha hizi hazina undugu, na kufanana huku ni bahati tu, lakini kwa kumbukumbu ya mwanafunzi ni msaada mkubwa. Hata hivyo msaada huo una mpaka, kwani "ni" ya Kijapani hutaja mahali mtu anakokwenda au alipo, na kitendo kikifanyika mahali hapo hutumika de: ichiba de sakana o kaimasu, yaani nanunua samaki sokoni. Kwetu "sokoni" haibadiliki katika sentensi zote mbili, na ndiyo maana nafasi hii inastahili mazoezi mengi kuliko orodha ndefu ya misamiati.

Kitenzi huja mwisho, nacho hakitaji nafsi. Tabemasu yaweza kuwa ninakula, anakula au tutakula, kulingana na mazungumzo. Ukanushi na wakati uliopita, ambavyo sisi huviweka mwanzoni mwa kitenzi, hukaa mkiani: tabemasen, sili, tabemashita, nilikula, tabemasen deshita, sikula. Msikilizaji hana budi kusubiri mpaka neno la mwisho ndipo ajue kama jambo limekubaliwa au limekataliwa.

Nimetumia umbo la -masu kwa makusudi, kwa kuwa ndilo la adabu, na mtu aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba hatashangaa kuambiwa aanze nalo kabla ya lugha ya marafiki. Neno san hufuata jina la mwenzako kwa heshima. Usiliweke baada ya jina lako mwenyewe.

Miezi ni rahisi, kwani ichigatsu ni mwezi wa kwanza na nigatsu mwezi wa pili. Saa zinahitaji uangalifu, kwa sababu Wajapani hawahesabu kuanzia mapambazuko kama sisi, na anayepewa miadi ya gogo niji, yaani saa mbili baada ya adhuhuri, anatakiwa afike saa nane mchana.