Namba ileile mara nne

Kama una sampuli za madini ya fedha na hadubini ya elektroni, usimsikilize anayekuambia uongeze mkondo wa mwale, yaani wingi wa elektroni unazomimina kwenye sampuli. Mimi niliambiwa hivyo na mtu mzoefu, nikapoteza karibu miezi mitatu.

Nilikuwa natafuta plazmoni, yaani elektroni za fedha zinavyoyumba kwa pamoja zikipata nishati. Ndizo zinazoupa mwanga nafasi ya kujibana kwenye kipande cha fedha cha pembetatu kisichofika nanomita 100 (nanomita milioni moja ni milimita moja). Hadubini ya kawaida haifiki huko. Huishia kwenye nanomita 200 hivi. Kwa hiyo unapitisha mwale wa elektroni pembeni mwa pembetatu, halafu unapima elektroni zimepoteza nishati kiasi gani. Wenzetu wa Orsay, Ufaransa, walichora ramani za namna hii mwaka 2007: nishati moja nchani, nyingine kingoni, nyingine katikati.

Zangu hazikutulia. Pembetatu moja, ncha moja, lakini kila nikirudia kupima kilele, yaani ile nishati ambayo elektroni nyingi huipoteza, kimeshuka. Nikaongeza mkondo kama nilivyoelekezwa, kikashuka kwa kasi zaidi. Siku moja nikapunguza ukuzaji na kutazama eneo zima: kila nilipopitisha mwale pamebaki mraba, kama alama ya pasi kwenye kitambaa. Kaboni! Mabaki ya viyeyushi yalikuwa yanatambaa hadi kwenye mwale na kuganda juu ya fedha, na fedha iliyovikwa kaboni haitoi namba yake ya kweli.

Dawa niliipata kwa kujaribu. Nilioka sampuli kwenye ombwe usiku kucha, joto la nyuzi mia na kidogo. Kisha, kabla ya kupima, nikautanua mwale ukamwagikia eneo kubwa kwa dakika ishirini hivi, uchafu uliobaki ukagandia hukohuko mbali. Hatua hii ya pili watu huiruka, na ndiyo iliyoniokoa. Fedha nayo iwe mbichi, ya wiki hiyohiyo. Mnajua bangili zinavyopiga weusi, na kipande kidogo hivi huharibika upesi zaidi.

Saa tisa usiku ncha tatu zikawaka kwenye ramani, karibu elektronivolti 1.8 (kipimo cha nishati), ule wekundu wa mwisho mwisho ambao jicho linauona. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya nne mikono ilikuwa inatetemeka, na namba ilikuwa ileile.