Kitako cha Enfield: mafuta yameacha kutoka

Siku ya tisa leo, na kitako cha bunduki, ule mti unaoegemezwa begani, bado kikavu. Nilikianika tangu saa nne asubuhi, saa nane mchana nikakipitishia kiganja: hakuna unyevu, hakuna kunata. Nikamwita mke wangu aje akiguse naye.

Ni kitako cha Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya Kiingereza, mali ya mzee jirani yetu hapa Jinja. Kibali anacho, chuma amekifungia kwake. Kaniletea mti tu, maana kwenye bunduki hizi kitako ni kipande cha peke yake, kimekazwa kwa bolti ndefu. Mti wenyewe ni jozi. Upande wa kulia, chini ya uchafu, kuna muhuri wa duara wa kiwandani, na kwa ajili ya muhuri huo msasa sikuugusa. Fundi akikuambia piga msasa upake vanishi, chukua mti wako uondoke. Vanishi hukaa juu kama ngozi. Ikipasuka, maji yanaingia chini yake na kubaki humo.

Kilichonitesa ni shingo, pale pembamba mkono unaposhika. Nyeusi tii. Kila nikipaka mafuta ya kitani, siku ya tatu bado yananata, na jua likiwaka, mafuta meusi yanachuruzika kutoka ndani ya mti. Nikalaumu mvua, kwa kuwa mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta hewa na unyevu huyachelewesha. Nikalaumu duka. Mara mbili nilifuta yote kwa spiriti nikaanza upya. Ile ya pili nilikaa kwenye ngazi nikanyamaza muda mrefu.

Kumbe bunduki ilisimama pembeni mwa chumba miaka na miaka, mdomo juu, na kila tone la mafuta ya kusafishia chuma likateremka mtini. Mafuta hayo hayagandi hata ungoje mwaka, na ukipaka kitu juu yake hakishiki.

Dawa ikawa chaki. Niliisaga, nikaikoroga na tina, ile ya kuzimulia rangi, ikawa kama uji mzito, nikaikandika shingoni, nikaianika uani, mbali na sigiri. Ikikauka unaibandua, unakandika nyingine. Ya kwanza ilitoka rangi ya kahawa, ya nne kama chai ya maziwa, ya saba nyeupe. Hapo ndipo nikarudi kwenye kitani, matone machache tu, nikisugua kwa kiganja mpaka mkono upate moto. Brashi huacha mafuta mengi mno. Matambara yake nayatandaza kwenye waya nje, kwa sababu yakikunjwa yakarundikwa huweza kujiwasha yenyewe.

Wiki hii nilipanga kung'arisha bamba la shaba la kitakoni, lenye kijilango cha kuwekea chupa ya mafuta. Sijaligusa. Nimeona kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa jikoni, na sasa naunda kishikio cha ukutani ambamo bunduki itakaa mdomo chini, mafuta yasirudi tena mtini. Mkato wa kwanza nimeukosea, ni mpana. Wa pili unangoja unene wa mtutu, na kesho nakwenda kwa mzee na kamba ya kupimia.