Siku Moja ya Fundi wa Mashine za Barafu, Arusha

Saa 12:30 asubuhi

Simu ya kwanza imeingia kabla chai haijachemka. Ni mama mmoja wa Njiro, na baada ya kusalimiana ananieleza kwamba mashine ya barafu iliyomo ndani ya friji lake imekufa kabisa. Sikimbilii kumtajia bei ya kipuri. Ninamwuliza kwanza vipande vya mwisho alivyoviona vilikuwa vya namna gani, kwa sababu barafu hutoa ushahidi mwingi kabla bisibisi haijatoka mkobani: vipande vidogo au vyenye uwazi katikati humaanisha kwamba maji hayatoshi, vilivyogandamana kuwa bonge moja humaanisha kwamba maji yanazidi au friza inayeyuka na kuganda tena, na ule weupe wa katikati ambao wengi huulalamikia ni hewa na madini tu, wala si ubovu. Anajibu kwamba vilikuwa vikipungua kila wiki, kisha vikakoma. Hapo tayari ninashuku maji.

Saa 2:15 asubuhi, Njiro

Ninachomoa friji kwenye umeme na kulivuta kutoka ukutani. Kwa kuwa mama mwenye nyumba anapenda kufahamu anacholipia, ninamweleza jinsi mashine inavyofanya kazi. Valvu ya umeme iliyo nyuma ya friji hufunguka kwa sekunde chache, maji hupita kwenye mrija mwembamba na kumwagika katika trei ya alumini yenye vyumba, kwa kawaida vinane hivi. Katika mashine nyingi za namna hii hakuna kinachopima ujazo wa maji. Kinachohesabiwa ni muda. Trei ikishapoa hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri, thamostati iliyogusana nayo huwasha hita ndogo ya chini, utando wa nje wa kila kipande huyeyuka, na mota huzungusha vidole vinavyovisukuma vipande hadi kwenye ndoo. Waya wa pembeni hupanda na kushuka kila mara ukipapasa ndoo, na ukikuta imejaa, kazi husimama.

Kwa kuwa kinachohesabiwa ni muda, presha ya maji ndiyo inayoamua kila kitu. Watengenezaji wengi huandika kwamba mashine inahitaji presha ya angalau PSI 20, yaani baa 1.4 hivi, wakidhani nyumba inapata maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaani lenye nguvu. Nyumba zetu nyingi zinakunywa kutoka tanki lililo juu ya mnara. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, kwa hiyo tanki la nyumba hii, ambalo liko kama mita 6 juu ya friji, linatoa baa 0.6 tu, na geji yangu inathibitisha hivyo. Isitoshe, valvu hizi hutegemea presha hiyohiyo ili kujibana vizuri zinapofungwa. Presha ikiwa ndogo, valvu hudondosha tone baada ya tone, matone huganda ndani ya mrija wa kujazia, na mwishowe mrija huziba. Hicho ndicho ninachokikuta: kidole cha barafu safi ndani ya mrija, ilhali mota, hita na thamostati vyote ni vizima nikivipima kwa mita ya kupimia umeme.

Ninayeyusha barafu kwa maji ya uvuguvugu na bomba la sindano. Situmii kisu wala moto. Friji nyingi za sasa zina gesi ya kupoozea ya R600a, ambayo inashika moto, na mrija wa plastiki nao hautobolewi mara mbili. Kisha ninapendekeza pampu ndogo ya kuongeza presha pamoja na valvu mpya. Wapo mafundi ambao wangembadilishia mashine nzima, naye angepata barafu kwa muda mfupi kabla mrija haujaganda upya. Kwa maoni yangu hiyo ni biashara, si ufundi.

Kabla sijaondoka ananiuliza kama filta ya friji inaondoa madini ya floraidi, ambayo kila mwenyeji wa Arusha anayajua kwa rangi ya meno. Ninamjibu kwamba haiondoi. Filta ya kaboni hupunguza ladha na harufu ya klorini, na inafaa kubadilishwa kila baada ya miezi 6, lakini floraidi huhitaji mtambo wa kuchuja kwa utando maalumu au chujio la mkaa wa mifupa. Kugandisha hakusaidii pia, kwa kuwa trei hugandisha maji yote yaliyoingia pamoja na kilichomo.

Saa 5:00 asubuhi, Ilboru

"Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu uone maajabu." Maajabu yenyewe ni ndoo iliyojaa bonge moja la barafu. Friji hili la zamani lilikuja na familia kutoka Marekani na linatumia volti 115, hivyo limewekewa transfoma kubwa kando. Transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi mapigo ya umeme: kule ni hezi 60, hapa ni hezi 50. Mota ya mashine hii hufuata mapigo hayo, kwa hiyo huzunguka polepole zaidi, na valvu iliyopangiwa kukaa wazi kwa sekunde 7.5 inakaa 9. Ninakinga maji ya mzunguko mmoja kwenye jagi la vipimo. Badala ya mililita 140 linasoma karibu 170. Ziada hiyo humwagika kwenye ndoo na kugandisha vipande vyote pamoja. Pembeni mwa mota kuna skrubu ya kurekebisha ujazo. Ninaizungusha kidogokidogo na kupima tena mpaka jagi linaporidhika. Mzee anataka kujua kwa nini hakuna aliyemwambia hayo kwa miaka yote hiyo. Nadhani ni kwa sababu hakuna anayebeba jagi.

Saa 7:30 mchana

Machalari, chai, na safari ya kurudi Kaloleni kwa bodaboda.

Saa 8:30 mchana, karakana

Dada anayeuza juisi ya ukwaju na parachichi nyumbani kwake ameleta mashine ya mezani inayoonyesha taa ya kuongeza maji ilhali tangi lake limejaa. Hii haihitaji bomba wala presha. Vidole vya chuma baridi huzama ndani ya maji, barafu huvizunguka kwa dakika 6 hadi 10, kisha valvu nyingine hupitisha gesi ya moto ndani ya vidole hivyo na barafu huteleza kudondoka. Kikapu chake hakigandishi, hivyo barafu isiyochukuliwa huyeyuka na kurudi tangini, na maji yaleyale huzunguka tena pamoja na vumbi na utelezi wote. Ninaifungua pampu na kukuta nywele pamoja na uzi wa ukwaju kwenye panga lake. Ninalisafisha, ninazungusha maji yenye unga wa asidi ya limau, ninasuuza, na kufuta sensa ya kikapu, kwani ikichafuka hudhani kikapu kimejaa. Ninamwagiza amwage maji yote kila jioni na asimimine barafu ya mzunguko wa kwanza kwenye glasi ya mteja.

Saa 10:40 umeme unakatika na kurudi. Wote karakanani tunangoja dakika 5 kabla ya kuwasha chochote chenye kompresa.

Saa 12:00 jioni

Kaka mmoja anapiga simu kutoka Moshi. Friji ni jipya, pampu ipo, geji inaonyesha baa 2, na bado hakuna barafu tangu juzi, siku ambayo watoto walikuwa wakichota vipande. Ninamwomba afungue friza atazame waya wa pembeni. Uko juu, umenaswa. Na waya ukiwa juu mashine huhesabu kwamba imezimwa. Anaushusha. Ninamwambia asubiri hadi asubuhi ndipo ahukumu, kwa sababu trei ndiyo kwanza inaanza kujazwa. Ananiuliza gharama ni kiasi gani, ninamjibu kwamba hakuna, naye ananitumia hela ya vocha.