Muswada nausoma kuanzia nyuma

Muswada wa sheria, yaani sheria inayopendekezwa kwa Bunge la Tanzania, nausoma kuanzia nyuma. Kurasa za mwisho ndiko kuna Madhumuni na Sababu, na hapo utaelezwa kwa lugha nyepesi sehemu gani inakusudia nini. Kisha narudi mbele na penseli.

Penseli ina kazi hasa kwenye miswada ya marekebisho. Utakuta ibara inasema tu: "kwa kufuta neno 'anaweza' na kuweka badala yake neno 'atalazimika'." Ukiisoma peke yake hupati kitu. Nafungua pembeni sheria mama, yaani ile inayorekebishwa, nanakili kifungu chote kwenye daftari, nakata neno la zamani na kuandika jipya juu yake. Hapo ndipo naona kilichokuwa hiari kimegeuka wajibu.

Kuna mwaka nilikosea vibaya. Niliwaambia wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa kwamba ada fulani inakuja, maana niliiona kwenye muswada kwa macho yangu. Kumbe baada ya kamati kusikiliza wadau, serikali ilileta jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko kwenye muswada wenyewe, na Bunge lilipokaa kama Kamati ya Bunge Zima, wabunge wote wakipitia ibara moja moja, ada ile ikafutwa. Watu walishaanza kuchanga. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Tangu siku hiyo simwelezi mtu jambo kabla sijaliona jedwali na kusoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mjadala wa Bunge, ya siku muswada ulipopitishwa.

Wakati wa kusema neno ni muswada ukiwa kwenye kamati, na muda wenyewe hautabiriki. Ule wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukapitishwa Novemba 2023. Miswada ya maliasili ya mwaka 2017 ilikuja kwa hati ya dharura, yaani kwa utaratibu wa haraka, haikumaliza hata wiki mbili. Kwa mwendo huo, mwananchi wa kawaida atatoa maoni saa ngapi? Hili linaniuma kweli.

Na kura ya "ndiyo" haimalizi kazi. Ibara ya 97 ya Katiba inataka kibali cha Rais. Tena hata akishasaini, angalia kifungu cha kuanza kutumika: mara nyingi sheria husubiri tarehe itakayotangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali.

Ipo moja naifuatilia sasa. Imesainiwa, tangazo bado sijaliona. Daftarini nimeiacha kwa penseli; wino nitautia siku gazeti likitoka.