Kichupa cha maji safi kilivyoniumbua

Wiki mbili zilizopita tulikuwa sheli moja huku Dar (siitaji), tunatoboa mashimo kupima kama mafuta yanavuja ardhini. Kuna mama nyumba ya nyuma kisima chake kilianza kunuka petroli, yaani anasonga ugali nao unanuka, akalalamika weee mpaka tukaitwa sisi.

Tulitoboa manne, matatu kuzunguka matenki na moja kule maji yanakotokea, hilo la kulinganishia, maana usipojua maji yalikuwaje kabla hayajapita chini ya sheli utamlaumu mtu bure. Mchanga wa pale hausumbui, mita 4 tu maji haya hapa. Udongo tunautia kwenye mfuko wa plastiki, tunafunga, unakaa kidogo, halafu unachomeka kile kimashine cha kunusa mvuke. Wa mita moja kimya, wa karibu na maji namba zikapanda hatari. Petroli nyepesi bana, ikifika kwenye maji inaelea hapohapo.

Ila maji ndo yana mambo. Kwanza unachota unamwaga, mara tatu ya yaliyomo kwenye bomba lililosimikwa shimoni, yale yaliyotuama hayakupi jibu. Halafu kuna vichupa vya glasi vya mililita 40, unajaza taratiiibu mpaka maji yanavimba juu ya mdomo kama yanataka kumwagika, unafunga, unakigeuza kichwa chini unakigonga na kidole. Ukiona kapovu, rudia, benzini (ile kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, sio petroli yenyewe) inakimbilia kwenye hewa ile na maabara wataona kidogo kuliko ilivyo. Na hapa tunaongelea vitu vidogo kweli, WHO wanasema benzini isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kwahiyo gramu moja tu inatosha kufikisha lita laki moja kwenye kikomo hicho. Hayo ni maboza kumi ya lita elfu kumi kumi!

Basi mimi mapovu nikachunga, barafu kwenye deli ipo, kila kitu safi. Katikati ya kazi jenereta likazima. Nikaliongeza petroli, nikarudi kwenye vichupa na glavu zilezile.

Kuna kichupa kimoja unajaza palepale saiti maji safi yaliyotoka maabara, kwa mikono yako ileile, ili kikikutwa na kitu ijulikane uchafu umeleta wewe. Majibu yakaja, kina benzini. Sampuli zote za siku ile zikawa takataka, na bosi hakuniambia neno, akaniwekea tu lile karatasi mezani.

Jana tukarudi, jenereta nje ya geti, glavu mpya kila shimo. Yule mama akatuona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, si mlishachota nyie?"

"Tulikosea mama."

Kisima ameambiwa asikiguse, ananunua madumu ya mkokoteni. Akaniangalia, akaingia ndani, akarudi na kopo la maji yake ya kununua ili ninawe mikono.