Kizazi kimeshuka, nikatwe au nisubiri?

Mwaka wa tatu huu naishi na kizazi kilichoshuka na sasa daktari anataka jibu. Ilianza baada ya mtoto wa nne, siku hiyo natoka soko la Kongowea na kikapu cha viazi nahisi kitu kinanivuta kwa chini, kuoga nagusa kinundu laini kama yai lililomenywa, nikalia peke yangu bafuni wallahi. Mamangu akasema wanawake wengi wako hivyo mwanangu, vumilia.

Nimevumilia. Nimefanya mazoezi ya kubana misuli vile unavyozuia mkojo, na nimewekewa pesari, ile ringi ya silikoni inayoshikilia kwa ndani, kwa kweli imenisaidia, feri navuka nimesimama. Lakini kila baada ya miezi kadhaa lazima itolewe ioshwe, na nikikohoa mkojo bado wanitoka.

Operesheni nayo naiogopa. Daktari amesema hatatia wavu, ule wa plastiki wa kushikilia kizazi, atashona kwa nyuzi nyama yangu mwenyewe, nikashukuru maana zile nyavu za kupitishia ukeni kwa tatizo hili Marekani walizizuia kuuzwa 2019. Ila kizazi chaweza kushuka tena, na wiki kama 6 nisinyanyue kizito. Hapo ndipo nakwama, kwetu maji ni mitungi ya lita 20, nani atanibebea? Jana usiku nikamuuliza baba watoto, akanyamaza sana, kisha akasema atabeba yeye. Leo alfajiri nimesikia mtungi ukitua jikoni. Jumatatu narudi kliniki.